Mizizi Hukatwa Saa Tatu

Vijana wangu, mmeniomba niandike kuhusu kazi yangu, nami nimekubali upesi kwa sababu kuandika hufanywa nyumbani, tena kwa kukaa. Mngeniomba nije kuwahutubia ukumbini, ningepata homa. Mimi ni mtu wa ndani. Nimefanya kazi ya maua ya porini kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kulala porini hata usiku mmoja. Wenzangu walipanda milima, wakanyeshewa, wakang'atwa na kupe, wakarudi na mimea kwenye mifuko ya karatasi. Mimi niliwapokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Maua mengi nayajua kwa ndani, kromosomu moja moja, lakini tukikutana barabarani hatusalimiani.

Naitwa Bakari. Nilizaliwa Tanga, nikamaliza kidato cha nne bila kumshangaza mwalimu yeyote, nikamfuata mjomba aliyekuwa akiuza nguo hapa Durban. Biashara ilinishinda mapema, maana mfanyabiashara anatakiwa kutoka nje. Ndipo nikasikia kuna chuo kule Westville kinatafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Kuosha vyombo, tena kivulini! Nilijua Mungu hajanisahau.

Yule mama wa kwenye simu aliniambia kwa Kiingereza nifike saa mbili. Mbili nikaiandika kiganjani. Na kwetu, kama mnavyojua nyote mliolelewa na bibi wa Kitanga, saa mbili ni asubuhi, jua likiwa bado lina upole. Nikafika na shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Mlinzi wa getini alikuwa Mkongo wa Bukavu. Akaitazama saa yake, akanitazama mimi.

"Papa, iko mapema sana. Rendez-vous yako, miadi yako, iko saa mbili."

"Ndiyo, nimekuja saa mbili."

"Hapana, papa. Umekuja saa nane. Unapashwa kurudia saa mbili."

"Saa nane si nitakuwa nimechelewa?"

"Saa nane iko sasa!"

Tulibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akisema kweli kwa saa za kwao, hadi nilipoelewa kwamba Wazungu wa mjini hapa huanza kuhesabu saa usiku wa manane, jambo ambalo hadi leo sijaambiwa sababu yake. Kurudi nyumbani Sydenham na kuja tena kulihitaji taksi nne. Nikakaa kwenye benchi.

Baada ya kitambo akapita mzee mmoja wa Kihindi, mwembamba, koti jeupe lina madoa ya zambarau. Huyo ndiye Anko Siva, fundi mkuu wa maabara. Tulizungumza Kiingereza, naye aliongea kile cha Durban kinachoimba, hapa nawafasiria.

"Unangoja nini, bwana?"

"Usaili."

"Usaili ni mchana."

"Najua. Nimewahi."

"Saa sita nzima?"

"Sipendi kuchelewa, Anko."

Mungu anisamehe. Akanipa beseni la vioo vidogo vya hadubini niving'arishe wakati nangoja. Ulipofika wakati wa usaili, nilikuwa nimemaliza mabeseni matatu, na Anko Siva akawaambia waliokaa mezani, "Mnataka kumuuliza nini? Mtu ameshaanza kazi tangu asubuhi."

Basi kosa la saa lilinipatia kazi. Nalishukuru. Lakini kosa hilohilo, miaka mingi baadaye, nusura limnyime mtu mwingine digrii yake, na hilo ndilo nililokaa chini kuwaeleza.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Aliyenielewesha kazi yangu si profesa, ni mke wangu Mwanaidi, ambaye ana chumba chake cha ushonaji kule Umbilo Road. Nilirudi siku moja nimechanganyikiwa na maneno makubwa, akaniambia, "Niambie kama unamwambia mshonaji." Nikajaribu. Kila seli ya mmea ina uzi mrefu kupita kiasi, uzi wa DNA, na uzi huo umeviringwa kwenye rili. Rili ndizo kromosomu. Uzi wote ukiujumlisha ndio jenomu. Kwa hiyo kuna maswali mawili: rili ni ngapi, na uzi wote ni kiasi gani? Si swali moja. Unaweza kuwa na rili chache nene, au rili tele zenye uzi wa kubahatisha.

Na maua ya porini hayana adabu kabisa katika mambo haya. Mimea miwili imefanana kama pacha, mmoja una kromosomu kumi na mbili, mwenzake wa ng'ambo ya mto una ishirini na nne. Kuna ua dogo lisilofika gotini ambalo uzi wake unamzidi binadamu mara kadhaa.

"Kwa hiyo ua limekuzidi?" akauliza Mwanaidi.

"Limenizidi uzi tu."

"Mimi nilishahisi."

Sasa, rili hizo hazionekani wakati wowote. Huonekana pale tu seli inapojigawa, na seli zinazojigawa sana ziko kwenye ncha ya mzizi mchanga. Na mizizi ina ratiba yake, kama watu wa ofisini. Anko Siva alikuwa amekata mizizi ya mimea yetu asubuhi, adhuhuri, alasiri, miaka na miaka, akaona kwamba katika banda letu la vioo wakati mzuri ni mmoja: saa tatu asubuhi. Ukija alasiri seli zimepumzika, unatazama vyumba vimefungwa milango.

Alinifundisha hivi. Toa mmea kwenye chungu taratibu, chagua mzizi mweupe wenye ncha ya manjano kidogo, usiozidi ukucha. Ukate, uutie kwenye maji ya barafu hadi kesho yake, ili seli zigande zikiwa katikati ya kujigawa. Kisha spiriti na asidi kali yenye harufu ya siki. Kisha asidi ya moto kidogo ya kuulainisha. Kisha rangi, na ncha ikigeuka zambarau ujue umefika. Unaikata ncha, ndogo kama chembe ya mchele iliyovunjika, unaiweka kwenye kioo, unaifunika na kioo chembamba, unaigongagonga kwa kitako cha njiti ya kiberiti, halafu unabonyeza kwa dole gumba.

Hapo kwenye dole gumba ndipo watu wengi wenye digrii walipolia. Unabonyeza moja kwa moja chini. Ukiteleza pembeni hata kidogo, seli zinasagika na kromosomu zinatawanyika kama shanga zilizokatika. Mwezi wangu wa kwanza niliharibu kila kioo. Siku moja nilipiga chafya katikati ya kubonyeza. Anko Siva akatazama kwenye hadubini, akasema, "Bakari, hapa kuna ajali ya basi."

Lakini hakunifukuza. Alinipeleka kwenye dawati lake, akaweka kidole chake juu ya changu, akabonyeza. Nilisikia uzito unaotakiwa, nao hadi leo uko kwenye kidole hiki. Mkitaka kujifunza kitu cha mikono, vijana, tafuteni mtu atakayekubali kuweka mkono wake juu ya wenu. Kwenye simu zenu hakuna.

Baadaye ilikuja mashine. Hii haihesabu rili, inapima uzi. Unakatakata jani bichi kwa wembe mpya pamoja na jani la mmea ambao kipimo chake kinajulikana, unachuja, unatia rangi inayong'aa, mashine inapitisha kiini kimoja kimoja cha seli mbele ya taa na kulinganisha mng'aro. Mmea wetu wa kulinganishia ulikuwa njegere, mbegu maalumu zilizotoka mbali, zimepandwa kwenye vyungu sita nyuma ya banda. Hakuna aliyeniambia. Nikaona njegere zimezaa vizuri, wiki ya sikukuu, hakuna anayezichuma. Mwanaidi alizipika kwa nazi. Jumatatu msimamizi wetu, mama mrefu wa sauti ndogo, alisimama mbele ya vyungu vitupu na kuuliza nani amechukua kipimo cha maabara.

"Tumekila, Profesa," nikasema.

Akainua chungu kimoja, akachungulia ndani. "Kilikuwa kizuri?"

"Kilihitaji chumvi kidogo."

Mbegu nyingine ziliagizwa. Naye kila njegere zilipozaa tena, alibandika juu ya vyungu karatasi yenye picha ya sufuria iliyopigwa mstari mwekundu.

Nirudi kwenye kosa kubwa. Baada ya Anko Siva kustaafu, mizizi yote nilikata mimi, na daftari la maabara niliandika mimi. Mdomo wangu ulikuwa umeshajifunza saa za Durban. Ukiniuliza saa kwa Kiingereza nakujibu sawasawa. Ila mkono haukujifunza. Mkono ulibaki Tanga. Kwenye safu ya wakati, siku zote hizo, mkono wangu uliandika 3. Kwangu ilikuwa saa tatu, asubuhi, kabla ya chai. Wala haikunipitia akilini kwamba kuna mtu atakayeisoma vingine.

Akaja Nokuthula. Binti wa Kizulu kutoka milimani, wa kwanza kwao kufika chuo, anacheka kwa mabega. Aliniita Malume tangu siku ya kwanza, yaani mjomba, nami nikajua nimepata kazi ya ziada. Alikuwa akichunguza mmea wa saumu ya porini, ile yenye maua ya zambarau mnayoiona imepandwa katikati ya barabara, ambayo wao huiita isihaqa. Ukiigusa unanuka kitunguu saumu hadi kesho. Mwanaidi alidhani nakula kwa mtu mwingine.

Saumu nyingi za aina ile zina kromosomu kumi na mbili. Nokuthula alileta mimea kutoka kilima kimoja karibu na kwao, na mashine ikasema ina uzi mara moja na nusu ya kawaida. Mimi nikakata mizizi, nikabonyeza, tukahesabu: kumi na nane. Kumi na nane ni idadi ya ajabu, seti tatu badala ya mbili, na mmea wa namna hiyo hauzai mbegu kirahisi, unaongezeka kwa kujigawa chini ardhini. Ilikuwa ndiyo sura nzima ya mwisho ya tasnifu yake. Na kilima chenyewe kilikuwa kimekwisha, tingatinga lilikipitia kupanua barabara. Kilichobaki duniani, kwa tulivyojua, ni vyungu vitatu kwenye banda letu.

Alipopeleka tasnifu, mtahini mmoja akarudisha jibu: mashine huweza kudanganywa na utomvu wa majani, na picha ya hesabu imefifia, haoni vizuri. Ahesabu upya, alete picha mpya, au sura ile iondoke. Alipewa hadi Jumatatu ya tatu. Na bila sura ile, tasnifu ilikuwa nyembamba kama supu ya hospitali, na kazi ya kufundisha aliyoahidiwa ilisubiri digrii.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani Sydenham, nimefanyiwa upasuaji wa jicho, nimefungwa kitambaa kama mwizi wa kwenye sinema, nafurahi kupita kiasi kwa sababu daktari ameniamuru nisitoke. Nokuthula hakutaka kunisumbua. Alisoma daftari langu, akasoma tasnifu yake mwenyewe ambayo aliinakili kutoka kwenye daftari langu, akafuata kila neno. Kila siku, saa tisa alasiri kamili, alikata mizizi.

Jumanne ya wiki ya mwisho akaja kwangu. Nilimjua kwa hatua kabla sijamwona. Hakucheka kwa mabega. Mwanaidi akamwekea chai na mandazi, hakugusa.

"Malume, mimea imekufa ganzi. Nimetazama vioo vyote. Hakuna seli hata moja inayojigawa."

"Barafu ilikuwa ya kutosha?"

"Ilikuwa ya kutosha."

"Vyungu vimebaki na mizizi?"

"Viwili vimekwisha, nikiendelea kuvikata vitakufa. Kimebaki kimoja. Kina mizizi minne, labda mitano." Akaongeza, "Mama ameshanunua kitambaa cha sherehe."

Nikamuuliza hatua kwa hatua. Kila kitu sawa. Asidi sawa, rangi sawa. Nilianza kuamini ile ncha ya kwanza ilikuwa bahati, kwamba labda mimi ndiye niliyehesabu vibaya.

"Na unakata ile saa niliyoandika?"

"Saa tatu kamili, Malume. Kila siku. Natoka kula, nakata."

"Unatoka kula nini? Saa hiyo bado hata chai haijapita."

"Chai? Chai ni saa kumi asubuhi."

"Ndiyo. Unakata, halafu chai."

Tukatazamana, yeye kwa macho mawili, mimi kwa moja. Kutoka kwenye cherehani yake ya nyumbani Mwanaidi akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyeolewa muda mrefu.

"Bakari! Umemwandikia mtoto wa watu saa za Tanga!"

Vijana, nimewahi kuona haya mara nyingi, ni mtu mwenye uzoefu. Lakini siku ile nilitamani kitambaa kifunike na jicho la pili. Ikabidi Mwanaidi amweleze, kwa Kiingereza chake cha Umbilo Road, kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza, kwa hiyo saa ya kwanza ni saa moja, na ya tatu ni ile ambayo wao wanaiita tisa. Nokuthula alisikiliza hadi mwisho. Akachukua andazi, akaling'ata kwa hasira.

"Eish, Malume. Umejua kuniua kwa namba moja."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe Ijumaa. Kesho, saa tatu yako, uwe kwenye banda."

Daktari alisema nisitoke. Mimi mwenyewe nisingetoka hata kwa harusi ya bure. Lakini Jumatano asubuhi nilikuwa Westville, jicho moja, na Mkongo wa getini, ambaye naye sasa ameota mvi, akapiga saluti. "Papa, leo umekuja saa ngapi?" Nikamwambia asinianze.

Tulikata mizizi mitatu, tukaacha miwili ili mmea uishi. Barafu. Alhamisi spiriti na asidi. Ijumaa rangi, na ncha zikageuka zambarau. Mzizi wa kwanza nilibonyeza mimi, nikateleza. Ndiyo, mimi, na uzito wa Anko Siva kidoleni! Jicho moja halijui kina. Nokuthula akanisogezea kioo kingine. Basi mzizi wa pili nikamwambia abonyeze yeye, nikaweka kidole changu juu ya chake.

Akakaa kwenye hadubini. Mimi siwezi kutazama, nikakaa kando yake na kiberiti. Kila alipotaja moja, niliweka njiti mezani. Seli ya kwanza, njiti kumi na saba.

"Moja imelalia nyingine," nikasema. "Usiamini seli moja. Tafuta nyingine."

Akazungusha. Akahesabu kwa Kizulu sasa, polepole, kama anayesali. Njiti kumi na nane. Seli ya tatu, kumi na nane. Ya nne, kumi na nane, zimetandazwa wazi, nene, zambarau, hivyo ndivyo alivyonieleza. Akapiga picha. Kisha akaweka paji la uso juu ya meza, kati ya njiti, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilikwenda mwenyewe kwa Profesa, nikakiri kosa, tayari kurudisha koti. Akaniuliza madaftari yenye saa za Tanga ni mangapi. Nikasema yote. Akanipa kalamu nyekundu na wiki sita, nikaandika neno asubuhi mbele ya kila tatu niliyowahi kuandika maishani. Hakuna adhabu iliyonifaa kama ile: nilikaa, ndani, na chai.

Nokuthula alirekebisha tasnifu. Angeweza kuandika tisa asubuhi, yakaisha. Hakufanya hivyo. Aliandika kwamba mizizi ilikatwa saa tatu, kwa Kiswahili hivyohivyo, na maelezo ya mstari mmoja kwamba ni saa tatu tangu jua kuchomoza, kwa hesabu ya fundi aliyekata. Jina langu likafuata. Mimi wa kidato cha nne. Nakala iko kwenye kabati la Mwanaidi, chini ya vitambaa vya gharama, na wageni huonyeshwa wapende wasipende.

Leo Nokuthula ndiye msimamizi wa maabara ile. Ile saumu ya kilimani imejigawa, inajaza benchi zima. Wanafunzi wake wamejifunza kwake na hawajaniona kamwe, lakini kwenye kila chupa ya mizizi huandika kwa kalamu ya wino neno moja, limeunganishwa: saatatu.

Wiki iliyopita alinipigia simu akishindwa kuongea kwa kicheko. Amekuja profesa mgeni, mtu mkubwa, ameipenda picha yao ya kromosomu, ameitazama chupa, akatoa kidaftari na kuuliza kwa heshima zote: hiyo saatatu ni kemikali gani, na wao wanainunua wapi?

"Nimwambieje, Malume?"

Nikamwambia amjibu kwamba hainunuliwi. Sisi tulipewa bure, na huja kila asubuhi.

Mwanaidi akainua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Na amwambie asije kuichukua alasiri."